Dramu ya Babu na Njia ya Mama

Mtu anayepita Bujonde kwa mara ya kwanza, akasikia dramu za kizungu zikinguruma nyuma ya migomba yetu, hudhani kuna harusi. Hupangusa uso, hurekebisha kola, husogea huku akinusa kama kuna wali. Anachokikuta ni mzee mmoja mwenye kaptura ya kaki, amekalia kinu kilichopinduliwa, anapiga peke yake na mbuzi wanamtazama bila heshima yoyote. Huyo ni babu yangu, mzaa baba. Harusi hakuna. Wali pia hakuna.

Dramu hizo alizipata Chunya, enzi za dhahabu ya Lupa, alipokuwa mpishi katika baa ya Mzungu mmoja. Mpigaji wa baa ile alikuwa na tabia ya kulewa kabla ya wasikilizaji, basi mpishi akawa anaitwa kutoka jikoni aje kumalizia. Ndivyo alivyojifunza, mikono ikinuka vitunguu. Dhahabu ilipopungua Wazungu wakafungasha, na mwenye baa akabeba chupa zake zote, hata zilizo tupu, akaziacha dramu. Babu husema hapo ndipo alipojua kwamba yule bwana alikuwa mgonjwa siku zote. Alizileta kwa miguu kupitia Mbeya na Tukuyu, ile kubwa mgongoni, ndogo tumboni, sahani ya shaba kichwani badala ya kofia. Mvua ya mawe ilipomkuta milimani, eti alitembea na muziki mpaka Tukuyu. Mimi sikuwepo. Nasema nilivyoambiwa.

Ile kubwa hulala ubavu na hupigwa kwa mguu: unakanyaga kibao cha chuma, kirungu cha sufu kinarukia ngozi. Ndogo ina nyaya chini ya tumbo, ndizo zinazoifanya ilie kama mahindi yanayorukaruka chunguni. Sahani ya shaba husimama juu ya mlingoti wake, ikijiona. Na kwenye uso wa mbele wa ile kubwa kuna picha ya rangi: mlima wenye theluji, ziwa, na bata mweupe mwenye shingo ndefu kama ya mwalimu wetu wa hesabu. Babu huwaambia wageni kwamba lile ni Ziwa Nyasa letu na ile ni Milima ya Livingstone, kabla serikali haijaingia.

"Na theluji je, mzee?"

"Serikali iliichukua."

Sasa, kwetu mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Ukutila, tunaita. Hamtazami, hamsemeshi, hatamki jina lake. Akimwona kwa mbali hujifunika nguo usoni na kuingia migombani. Mkwe naye ana wajibu wake: akohoe kabla ya kukata kona, na akikutwa ageuze uso kama mtu anayekagua ndege. Zamani haikuwa taabu kubwa, kwa sababu vijana walijenga kijiji chao mbali na cha baba zao. Lakini Mto Songwe ulipanda ukala nyumba ya babu kule Ngana, pamoja na shamba lake, na bibi alikuwa amekwisha kufariki. Baba akatuma neno kutoka migodi ya shaba Rhodesia: mzee ahamie kwetu. Ni rahisi sana kusema hivyo ukiwa Rhodesia.

Babu akajengewa nyumba upande wa pili wa migomba. Uwanja ukawa mmoja, njia ya kisimani moja, wakwe wawili. Mimi nikawa daraja. Chakula kilipita kwangu, vyombo vilirudi kwangu, na vinyama viwili vitatu vilipotelea darajani kama kodi.

Tuliokolewa na dramu. Babu akipiga, mama anajua mzee yuko juu ya kinu chake, mikono na mguu vyote viko kazini, hawezi kuchomoza kona yoyote. Hapo mama alitoka. Mama ni Mkisi wa ufukweni, mfinyanzi, na ufinyanzi haufanywi chini ya kitanda: kuna kuchota maji, kuna kukanda udongo, kuna kuanika vyungu, kuna kukusanya nyasi za kuchomea. Yote hayo aliyafanya dramu zikilia. Zikinyamaza, alimaliza hatua aliyokuwa ameianza akaingia ndani. Hawakupatana kwa maneno, watapatana vipi watu wasiosemeshana? Ila babu alipiga asubuhi na alasiri kama mtu aliyeajiriwa na serikali, na tofauti na watu wa serikali, hakuchelewa.

Halafu yakaja masika ya mwaka juzi. Mvua ya Kyela haina adabu hata katika mwaka wa kawaida, lakini mwaka ule ilihamia kabisa. Ngozi za dramu zikalegea. Babu akikanyaga, ile kubwa inatoa sauti ya mtu anayepigwa kofi na nguo mbichi. Kule baa, ndani ya dramu kulikuwa na taa ya umeme wa injini. Ilimulika picha na kukausha ngozi. Babu hakuwa na injini. Alikuwa na koroboi. Akaining'iniza ndani kwa waya, bata aking'aa, ngozi ikakaza, babu akafurahi, akapiga kwa nguvu, na koroboi ikaanguka.

Nilikuwa nakuja na ndizi zake. Nilimkuta bado anapiga, moshi unamzunguka kama mkate unaookwa.

"Babu, bata anaungua!"

"Tulia, wewe. Wimbo haujaisha."

Wimbo uliisha wenyewe. Bata alipoteza mkia tu, lakini uso wa nyuma, ule unaopigwa, ulipasuka wote. Maji niliyomwaga kwa bidii yangu yote yakamalizia nyaya za ile ndogo, ambazo tayari zilikuwa kutu inayojidai waya.

Mzee asiye na kazi hutembea. Babu alianza kuonekana kisimani, mara kwenye nyasi za kuchomea vyungu, mara nyuma ya jiko letu akitafuta kisu alichokuwa ameshika mkononi. Kikohozi chake kilikuja pamoja na yeye mwenyewe, badala ya kutangulia. Mama aliruka migombani asubuhi, mchana na jioni. Siku moja alijifunika mkeka uwanjani na babu akaja akaketi kwenye gogo pale pale, akazungumza na mpita njia habari za mpunga mpaka mpunga wenyewe ungechoka. Chungu kikubwa cha pombe kilikufa siku hiyo, mama alipolazimika kuchagua kati ya chungu na adabu.

Jioni aliniita jikoni.

"Mjomba wako akileta udongo, mvua zikiisha, narudi naye ziwani. Mimi si panya wa ghalani."

"Na mimi?"

"Wewe una shule."

"Na babu atapikiwa na nani?"

Mama akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Alijua, nami nilijua. Babu hakuwa na pengine pa kwenda. Shamba lake lilikuwa chini ya Songwe likilima samaki. Mama akiondoka, watu watasema mzee amemfukuza mkwe wake, na babu hataweza tena kuketi na wenzake, seuze kula chakula changu mimi, ambaye nikipika uji hukatwa kwa panga.

Nilimpelekea babu habari hiyo pamoja na sahani ya kande. Hakugusa kande.

"Tutafute ngozi," akasema.

Kumbuka kwamba kwetu ng'ombe hachinjwi ovyo. Ng'ombe ni ndugu. Anachinjwa mtu akifa. Kwa hiyo kutafuta ngozi maana yake ni kutafuta msiba, na babu na mimi tukawa waombolezaji hodari kuliko wote Bujonde, ila, Mungu anisamehe, watu wote walikuwa wazima. Mvua yote ile na hakuna hata mwenye kikohozi cha maana. Aliyebaki ni mzee mmoja jirani, mwenzake babu, ambaye alikuwa akifa tangu mimi niko darasa la kwanza. Tukaenda kumjulia hali. Alikuwa amelala juu ya ngozi ya ng'ombe, macho juu.

"Ugonile, mwenzangu," babu akamsalimu. "Unajisikiaje?"

"Vibaya sana."

"Ndaga fijo," babu akashukuru kwa moyo, kisha akajikwaa. "Yaani, pole. Pole sana."

Mgonjwa akageuza shingo. "Mbona unachungulia nje?"

"Sichungulii."

"Unamtazama dume langu."

"Namtazama tu. Ana mgongo mpana."

"Babu anapenda migongo," nikasaidia, na sikuombwa kusaidia.

Mzee yule aliinuka akaketi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Krismasi. Alituita mafisi, akaniita mimi mtoto wa fisi, akaagiza uji, akaunywa, akaagiza mwingine. Asubuhi yake alionekana barabarani na fimbo, akimwonyesha kila mtu kwamba yu hai. Mwinjilisti alikuwa amemwombea miaka bila mafanikio. Babu alimponya kwa kumtazama ng'ombe wake.

Kisha akaja mpaka kwetu, anatweta, ile ngozi aliyokuwa akiilalia imekunjwa begani kwa mwanawe.

"Chukua," akamwambia babu. "Mimi silali tena mchana. Na usije kwangu kuniuliza hali mpaka nikuite."

Ngozi yenyewe ilikuwa ngumu kama mlango na ilinuka ugonjwa wa miaka yote ile. Tuliilaza majini ndani ya mtumbwi mbovu hadi ikalainika. Tukaikwangua manyoya kwa majivu, tukaipunguza unene kwa kipande cha chupa, babu akiishika juani kila mara kuona mwanga unapenya wapi. Nilipokwangua sana alinipiga kibao. Nilipokwangua kidogo alinipiga kingine, ili cha kwanza kisijione mkiwa. Skrubu za pembeni zilikuwa zimeshikana na kutu, tukazilowesha mawese usiku kucha, zikafunguka zikinuka mboga. Mkanda wa kibao cha mguu ulikuwa umekatika. Babu akatazama mfuko wangu wa shule, na tangu siku hiyo mfuko wangu ulibebwa kwapani kama kuku. Shuleni nilisema mkanda umeliwa na fisi. Nilipigwa, lakini niliwaacha na kitu cha kufikiria.

Ngozi tuliivisha ikiwa mbichi. Hapo ndipo babu anapokuwa mtu mwingine, hata kutania hatanii. Ukikaza skrubu ya huku, unavuka unakaza ya upande wa pili, kidogo kidogo, kama unavyogawa nyama kwa wakwe: ukimzidishia mmoja, yote imeharibika. Halafu unaipiga polepole kila siku wakati inakauka, ijue kazi yake. Ikiachwa, hukauka na ukaidi.

Bado nyaya za ile ndogo. Babu akasema kule Kasumulu, mpakani, kuna wafanyabiashara kutoka Nyasaland wenye nyuzi za banjo, na nyuzi za banjo zikikatwa sawasawa zitalia. Akajifunga viatu.

"Nikiondoka, wewe piga. Asubuhi na alasiri. Mguu uwe wangu, usianze mambo yako."

Hakufikiri. Mimi sikufikiri. Hata mama, aliyekuwa ndani, hakuambiwa, kwa sababu daraja lilikuwa na haraka ya kukalia kinu.

Nikapiga. Asubuhi nilipiga kwa woga. Alasiri woga ulikwisha. Babu ana mguu unaosita kabla ya kukanyaga, kama mtu anayejaribu maji, nami nilikuwa nimeusikiliza tangu nikiwa mdogo. Nikauiga pamoja na kusita kwake kote, nikaongeza ile ndogo isiyo na nyaya, nikagonga sahani ya shaba kila palipokuwa na nafasi na hata pasipokuwa nayo. Mbuzi walikuja. Nilifumba macho kama mpigaji wa baa.

Mama ndani alisikia dramu, wimbo mzima wa kwanza tangu siku ya moshi. Akasema moyoni, mzee amerudi kazini. Akatoka wima, chungu kibichi cha kuanika mikononi, akashika njia ya kisimani inayopita kati ya majaruba ya mpunga. Babu naye, aliyepakiwa kwenye baiskeli ya mfanyabiashara mmoja akafika mapema kuliko tulivyodhani, alikuwa anakuja njia ile ile kutoka upande wa pili, hakohoi, kwa sababu anaisikia dramu yake na anatabasamu. Wakakutana pale njia inapopinda. Uso kwa uso. Karibu hata kugusana.

Nilisikia yowe, halafu chubwi, halafu chubwi ya pili.

Nilipofika, mama alikuwa kwenye jaruba la kulia, amechuchumaa majini, nguo kichwani, mgongo kwetu. Babu alikuwa kwenye jaruba la kushoto, kofia yake inaelea, nyuzi za banjo ameziinua juu zisilowe, anakagua ndege. Chungu kibichi kilikuwa katikati ya njia, kimekaa wima. Katika familia yetu ndicho pekee kilichobaki na heshima.

"Nani anapiga dramu?" babu aliliuliza anga.

"Nani alikuwa anapiga?" mama aliuuliza mpunga.

"Mimi," nikasema.

"Ulikuwa mguu wake!" mama akalia. "Nimeusikia! Ulikuwa mguu wa mzee!"

Nilijua ni wakati wa kusikitika, na nilisikitika. Lakini nitasema kweli: aliyezisikiliza dramu zile kila siku ya Mungu alikuwa amenidhania babu. Sifa ya namna hiyo shuleni hawaitoi.

Furaha ilikufa jioni. Mama alikuwa anafunga vitu vyake kwenye kitambaa.

"Zilipokuwa kimya zilinificha ndani tu," akasema. "Sasa zinanidanganya. Afadhali kimya."

Mjomba alifika na mtumbwi uliojaa udongo siku iliyofuata. Aliambiwa asishushe, ale, kisha aondoke na dada yake. Mjomba ni mtu wa amani. Alianza na kula.

Babu aliponiona nimebeba mzigo wa mama, akaniambia niulaze chini nikatundike mkeka kati ya migomba miwili. Akasimama upande wake. Mama, kwa kuwa ni mkwe mwenye adabu hata akiwa amekasirika, akaja akasimama upande wake. Mimi nikawekwa mwisho wa mkeka, ninapowaona wote.

"Mwambie mama yako nimekosa," babu akasema.

"Mama, babu anasema amekosa."

"Nimesikia. Mwambie mzee kosa si lake peke yake, mimi pia nilitoka bila kuuliza."

"Babu, mama anasema..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi."

"Basi kazi yangu mimi ni nini?"

"Kusema!" wakasema wote wawili kwa pamoja, na sidhani kama walikuwa wamewahi kusema kitu kwa pamoja.

Mama akavuta pumzi. "Mwambie mzee dramu zipigwe na mtu mmoja. Mmoja tu. Akipiga mwingine, naondoka."

Nilisema. Babu akajikuna kiwiko.

"Mwambie mama yako mkono wangu wa kushoto unachoka. Nikilala mgonjwa, dramu zikalala na mimi, ngozi zitaharibika tena, na huyu hatakuwa amejua chochote. Mtoto lazima apige."

"Mwambie mzee basi nitajuaje ni yupi?"

Hapo nilisikia hatua za babu zikienda, zikarudi. Akaja na sahani ya shaba mkononi. Akaigonga mara moja. Ile sauti ilipita kwenye mkeka, ikapita kwangu, ikaenda mpaka kwa mjomba, ambaye aliacha kutafuna.

"Mwambie mama yako hii haiguswi na mtu mwingine. Akiisikia, ni mimi, nimekaa. Asipoisikia, ni mtoto, na mimi naweza kuwa popote."

"Lakini babu! Dramu bila sahani? Watu watanicheka. Ni kama..."

"Mwambie mtoto anyamaze," mama akasema.

Nikageuka huku na huku kutafuta wa kumwambia, nikajiambia mwenyewe. Nikanyamaza.

Mjomba akafuta mikono. "Dada, twende au tusiende? Maji ya mtoni yanashuka."

Mama akanigeukia mimi. "Mwambie mzee apige," akaniambia, polepole. "Nisikie."

Babu alikwenda akakalia kinu chake. Nyuzi za banjo zilikuwa zimefungwa asubuhi ile, na ile ndogo ilikuwa na sauti mpya, kali, kama inagombana. Kubwa ilitoka nzito na kavu. Ngozi ya mgonjwa ilikuwa na afya kuliko ya zamani. Mguu wake ukasita, ukakanyaga. Ukasita, ukakanyaga. Kisha sahani.

Mama alisimama na kitambaa cha kujitwishia mkononi. Akakiweka juu ya mzigo.

"Shusha udongo," akamwambia mjomba.

"Wote?"

"Sasa ungebakiza wa nini?"

Akatangulia yeye mwenyewe mtoni, akipita katikati ya uwanja, wima, bila kuchungulia kona. Tukapanga udongo kwenye vikapu, mjomba akilalamika mgongo, mimi nikilalamika kwa ajili ya sahani. Safari ya pili mama alikuwa mbele yetu, kikapu kichwani, shingo imetulia, mikono yote miwili imeachia. Upande wa pili wa migomba babu alikuwa bado anapiga. Na mama, aliyedhani sisi tuko nyuma sana, akapunguza mwendo, mabega yakatulia, kiuno kikaufuata mguu wa mzee: kikasita, kikaenda, kikasita, kikaenda, udongo kichwani hata hautikisiki. Alicheza hivyo mpaka mlangoni kwake.

Babu hakuweza kumwona. Alikuwa ameanza wimbo mwingine.

Mjomba akafungua mdomo aseme kitu. Nikamkanyaga mguu.